Kuanza Kriminolojia Nairobi: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza

Kila matokeo ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) yakitoka, na tena kila Septemba vyuo vikifunguliwa, maswali yanayonifikia ni yale yale. Nikisoma kriminolojia nitaingia DCI (idara ya upelelezi wa jinai)? Ni sawa na kusomea uwakili? Kuna hesabu? Tutapelekwa kuona maiti? Nilisoma kozi hii hapa Nairobi, na sasa huwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kazi zao za darasa. Nimeona heri niyajibu mahali pamoja.

Majibu ya haraka kwanza. Kriminolojia huuliza kwa nini mtu anavunja sheria, nani aliamua kwamba kitendo hicho ni kosa, na jamii inamfanya nini baada ya kumkamata. Wakili huuliza kama kosa limethibitishwa. Anayepima damu, risasi na alama za vidole amesomea sayansi ya maabara, na hiyo ni kozi nyingine inayotaka kemia na biolojia. Kwa hivyo maiti hutaziona. Hesabu utazikuta, kwa sura ya takwimu, na hakuna pa kuzikwepea.

Kuhusu DCI, sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndipo wengi huumia. Shahada hii haikufanyi mpelelezi. Njia ya upelelezi hupitia usajili wa Huduma ya Taifa ya Polisi, mafunzo ya polisi kama yale ya Kiganjo, kazi ya polisi yenyewe, ndipo mtu apelekwe kwenye chuo cha upelelezi kule South C. Shahada yaweza kukufaa ukiwa ndani ya safari hiyo, ila haikuvushi foleni. Wenzangu wa darasa wameishia kwenye probesheni (usimamizi wa wakosaji nje ya gereza), magereza, mashirika ya haki za binadamu, na idara za kuzuia ulaghai za mabenki. Kama kazi hizo hazikuvutii hata kidogo, fikiria tena kabla ya kulipa karo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa na nakala za vyeti vyako. Utaombwa hivi kila mahali, kuanzia usajili wa chuo hadi lango la mahakama.
- Daftari gumu la kuandikia mapajani, maana mahakamani hakuna meza yako.
- Katiba ya 2010, Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63), Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 75) na Sheria ya Ushahidi (Sura ya 80). Zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Usimlipe mtu kwa nakala alizochapisha yeye.
- Nguo moja ya heshima isiyo na maandishi.
- Nauli ya asubuhi nne za muhula nje ya kampasi.
- Kompyuta si lazima mwaka wa kwanza. Maabara ya chuo itatosha.

Hatua ya 1: Kagua kozi, usikague jina tu

Kuingia shahada kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na kwa wanaopangwa vyuoni na KUCCPS, wakala wa serikali, kuna pointi za klasta (za masomo yanayohusiana na kozi) juu ya hapo. Lakini majina ya kozi yanapotosha. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri wameiunganisha kriminolojia na usimamizi wa usalama, na USIU-Afrika hapa Kasarani wana shahada ya haki jinai. Kila moja ina uzito wake.

Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne, uikalie na kalamu. Hesabu mangapi yanahusu tabia ya binadamu, sosholojia, saikolojia na utafiti, na mangapi yanahusu ulinzi wa majengo na usimamizi wa kampuni za walinzi. Yote ni elimu halali, ila ukitaka kuelewa mhalifu halafu nusu ya masomo ni kamera na mageti, umepotea njia na hakuna aliyekudanganya.

Kisha angalia kama Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi hiyo yenyewe. Chuo kuwa na kibali hakumaanishi kila kozi yake inacho. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata shilingi.

Hatua ya 2: Pesa

Omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mapema, mara dirisha linapofunguliwa, na ujaze hali ya familia yako kwa ukweli na kwa ukamilifu. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 umepingwa mahakamani, kwa hivyo fuata tangazo la mwaka wako, usifuate aliyoambiwa kaka yako.

Hatua ya 3: Soma vifungu vichache vya sheria kwa macho yako mwenyewe

Huhitaji kuwa wakili. Unahitaji kujua kwamba kosa ni kitu kilichoandikwa na watu, siku fulani, na kwamba kinaweza kuandikwa upya. Mfano ambao huwa nautumia ni mfuko wa plastiki. Tarehe 27 Agosti 2017 mama wa sukuma wiki alikufungia mboga ndani ya mfuko huo na hakuna aliyegeuka kutazama. Tarehe 28 ukawa mfuko wa kumpeleka mtu mahakamani, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mama ni yule yule na mboga ni zile zile. Ukielewa hilo, muhula wa kwanza umeushika.

Baada ya hapo soma Kifungu cha 295 na 296 vya Kanuni ya Adhabu, polepole. Mtu akichomoa simu mfukoni mwako bila wewe kujua, huo ni wizi. Akitumia nguvu au kukutisha, ni unyang'anyi. Akiwa na silaha hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akikupiga, imekuwa wizi wa mabavu chini ya 296(2), na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Vijana wawili wa miaka kumi na tisa waliomsukuma mtu na kumpokonya simu jioni wanaingia humo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu ilisema kifo kisiwe adhabu ya lazima kwa kosa la kuua. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Bado kifungu kiko pale, na vijana wanaendelea kushtakiwa nacho.

Ongeza Ibara ya 49 na 50 za Katiba, yaani haki za aliyekamatwa na za anayeshtakiwa, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Hivyo vinatosha kwa sasa.

*Tahadhari:* usiite kila kitu "wizi" katika insha zako. Mhadhiri ataona mara moja kwamba hukusoma.

Hatua ya 4: Nenda mahakamani, ukae

Hii ndiyo hatua wanafunzi wanayoiruka, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Mtu anafika mwaka wa tatu akijua nadharia kumi na hajawahi kumwona mshtakiwa. Kichwani mwake mhalifu bado ni yule wa kwenye filamu, mwerevu, mwenye mpango. Asubuhi moja kwenye benchi la nyuma itamtoa hapo.

Kesi za jinai husikizwa hadharani, na Katiba yenyewe ndiyo inayotaka iwe hivyo. Hakuna barua unayohitaji ili uketi. Nairobi una Milimani pale Community, Makadara kando ya Jogoo Road, na Kibera. Anza na Makadara au Kibera.

Nenda Jumatatu. Aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, anasubiri hadi siku inayofuata ya kazi. Kwa hivyo waliokamatwa Ijumaa usiku na Jumamosi wote wanashuka kwenye gari la polisi asubuhi hiyo. Fika kabla ya saa tatu. Ukaguliwe langoni, uulize dawati la huduma ni chumba kipi wanachosomea watu mashtaka, uingie na kuketi nyuma. Hakimu akiingia, simama. Ukiingia au ukitoka akiwa kitini, inamisha kichwa kidogo.

Zima simu kabisa. Mara yangu ya kwanza niliitoa ili nitazame saa tu, na askari wa mahakama akanitoa nje akidhani ninapiga picha. Nilipoteza asubuhi nzima na nilitetemeka hadi nyumbani. Mara ya pili nilivaa saa ya mkono.

Sasa sikiliza. Karani anasoma shtaka na kumuuliza mshtakiwa anataka lugha gani. Wengi watasema Kiswahili. Anaulizwa kama ni kweli au si kweli, na jibu lake linaandikwa vile alivyolitamka. Akisema "ni kweli", kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo ya tukio, kisha anaulizwa tena kama maelezo hayo nayo ni kweli. Mara nyingine hapa ndipo mtu anashtuka na kusema, "Ni kweli nilikuwa hapo, lakini sikuchukua." Hakimu makini atabadilisha na kuandika kwamba amekana. Akikubali yote, anapewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu. Utasikia: nina watoto, naomba msamaha, sitarudia. Hakimu anaweza kuamuru afisa wa probesheni amtembelee nyumbani na kuleta ripoti kabla ya hukumu.

Akikana, inakuja habari ya dhamana. Hapa weka kalamu karibu. Wawili wanaweza kupewa dhamana ya kiasi kile kile dakika zile zile. Mmoja ana shangazi anayehesabu pesa kwenye simu nje ya mlango, na saa nane yuko nyumbani. Mwingine hana mtu, naye anapelekwa rumande Industrial Area, au Lang'ata akiwa mwanamke, akasubiri kesi ambayo huenda ikaahirishwa mara nyingi. Kisheria wote wawili hawana hatia bado.

Chora jedwali kwenye daftari lako: kosa, umri wa kukadiria, mwanamume au mwanamke, ana wakili au hana, alijibu nini, dhamana kiasi gani, kesi ilichukua dakika ngapi. Usiandike majina ya watu. Hayo ni maisha yao, na daftari hupotea kwenye matatu.

Fanya hivyo Jumatatu mbili. Halafu siku ya tatu nenda Milimani, kwenye mahakama ya kesi za ufisadi, ujaze jedwali lile lile. Tazama suti, idadi ya mawakili, dakika zinazotumika kubishania hati moja. Mwaka 1939 Edwin Sutherland aliwaambia wanasosholojia wenzake wa Marekani kwamba wamekuwa wakieleza uhalifu kwa umaskini kwa sababu waliwatazama waliofungwa tu, wakawasahau wenye ofisi. Nilipoisoma hoja hiyo darasani niliikariri kwa ajili ya mtihani. Niliielewa nilipoweka kurasa mbili za daftari langu pamoja, moja ya Makadara na moja ya Milimani.

*Tahadhari:* kesi za watoto na baadhi ya kesi za dhuluma ya kingono hufungiwa umma. Ukiambiwa utoke, toka bila kujadiliana. Na usimfuate mshtakiwa au jamaa zake kwenye korido kuwauliza maswali. Hujaruhusiwa bado, na siku hiyo wana mzigo wa kutosha.

Hatua ya 5: Nadharia tatu, barabara moja

Utarushiwa majina mengi ya wanadharia, kuanzia Beccaria wa karne ya 18 hadi wa juzi. Usijaribu kuyameza yote. Chagua matatu uyajaribu mahali unapopita kila siku.

Cohen na Felson, 1979, walisema kosa hutokea vinapokutana vitu vitatu: mtu aliye tayari kulitenda, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Panda matatu jioni, ukae dirishani foleni ikiwa imesimama. Simu iko mkononi mwa abiria, dirisha liko wazi, kijana anatembea kati ya magari, na polisi wa trafiki yuko mzunguko unaofuata. Konda akipaza sauti "fungeni madirisha!", ndiye mlinzi wa nadharia hiyo, hata kama hajaisikia.

Merton, 1938, alieleza jamii inayomfundisha kila mtu kutamani mali huku ikiwafungia baadhi ya watu njia halali za kuipata. Becker, 1963, alituuliza nani anabandika jina la "mhalifu" na linamfanya nini aliyebandikwa. Kijana aliyekamatwa kwenye msako akakaa rumande, akirudi mtaani anaitwa nani? Anapata kibarua? Andika ukurasa mmoja kwa kila nadharia, kwa mfano unaoujua wewe.

*Tahadhari:* Lombroso, daktari wa Italia wa karne ya 19, alidai kwamba mhalifu wa kuzaliwa anatambulika kwa umbo la uso na fuvu. Anasomwa kama historia ya kosa la kisayansi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika insha akimkubali, na kila mwaka inaniuma, kwa sababu hapa mjini kuna vijana wanaosimamishwa na polisi kwa sababu ya rasta au mtaa wanaotoka.

Hatua ya 6: Jifunze kuzishuku takwimu

Ripoti ya Uchumi ya kila mwaka ya Shirika la Takwimu la Taifa ina sehemu ya makosa yaliyoripotiwa, na Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu huchapisha ripoti zake. Zipakue. Lakini kabla ya kunukuu namba, jiulize ilifikaje pale. Mtu aliibiwa, akaamua kwenda kituoni, akapata afisa aliyekubali kumwandikia, akapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Mnyororo huo ukikatika popote, kosa halimo. Waulize watu kumi unaowajua, waliowahi kupokonywa simu, ni wangapi waliripoti. Wengi huenda kituoni kwa sababu tu wanahitaji karatasi ya kurudisha laini. Aliyewekewa mchele, yaani dawa ya usingizi, kwenye kinywaji akaamka hana kitu huona aibu kusema. Kwa hivyo idadi ikipanda, huenda uhalifu umepanda, huenda pia watu wameanza kuamini kituo chao.

Somo la takwimu lenyewe usiliahirishe hadi mwaka wa nne. Asilimia, wastani na majedwali ya vigezo viwili ndiyo ya kuanza nayo. Ukiyamudu kwa mkono, programu ya takwimu ya SPSS haitakutisha.

Hatua ya 7: Utafiti wa watu una milango yake

Usiende kuhoji vijana wa genge, wafungwa au waathiriwa kwa sababu una daftari na moyo. Mradi wa utafiti hupita kwa msimamizi wako, kamati ya maadili, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pale kinapohitajika. Magereza wana ruhusa yao wenyewe juu ya hapo. Rafiki yangu wa darasa alikusanya mahojiano mazuri sana ya mitaa ya Eastlands bila kibali, akaambiwa asiyatumie, akarudia muhula.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa pia. Tumia namba badala ya majina, na usiweke sauti za watu kwenye simu unayoazima kwa wenzako. Mwambie unayemhoji, kabla hajaanza, asikueleze kosa mahususi lenye tarehe na majina. Wewe si wakili wake wala padri wake, na huwezi kumwahidi siri ambayo mahakama inaweza kuidai.

Hatua ya 8: Atachimenti (mafunzo kazini)

Peleka barua miezi minne mapema, na upeleke ofisi nyingi. Wanafunzi wote hukimbilia DCI, wakajibiwa hapana au wasijibiwe. Ofisi za probesheni ziko karibu na mahakama na zina kazi ya kweli ya kriminolojia: kwenda nyumbani kwa mtu, kuongea na mama yake, chifu, mwajiri, kisha kuandika ukurasa utakaobadilisha hukumu. Nilijifunza mengi kwa wiki nane za kazi hiyo kuliko kwa mwaka wa mihadhara.

Ukikwama

*Nimekosa C+.* Anza na stashahada katika chuo kilichoidhinishwa, kisha uombe kuhamishia alama. Uliza kwa maandishi chuo unachokilenga watakubali masomo yapi, kabla hujaanza hiyo stashahada.

*Nyumbani wanadhani nasomea ukachero.* Mpeleke mzazi mmoja mahakamani siku moja, au umweleze kazi ya afisa wa probesheni. Mama yangu alielewa aliposikia kwamba mtu huja kuwauliza majirani kabla mtoto wa watu hajafungwa.

*Mahakamani sielewi wanachosema.* Wiki ya kwanza hakuna anayeelewa. Andika maneno matano kila siku, kutajwa kwa kesi, kuahirishwa, dhamana, bondi, na mengine utakayoyasikia, umuulize mkalimani au karani wakati wa mapumziko. Wengi ni wema ukiwaendea kwa adabu.

*Nimerushiwa insha na maoni "huna hoja".* Karibu kila mara umeeleza nadharia bila kuuliza swali. Anza ukurasa kwa swali moja la Nairobi: kwa nini nduthi (pikipiki), kwa nini saa hizo, kwa nini kona hiyo. Kisha ita nadharia ije kulijibu.

*Atachimenti imekosekana kabisa.* Mweleze mratibu wa idara kwa barua, uambatishe nakala za maombi yako yote. Asiye na nakala huonekana hakutafuta.

*Nasikia kesi na silali.* Hili huja, hasa baada ya kesi nzito. Pumzika wiki mbili bila kwenda mahakamani, uende kwa mshauri nasaha wa chuo na umwambie waziwazi ulichokisikia. Huduma hiyo ipo kwa ajili yako. Mwambie pia msimamizi wako akupe mada nyingine kwa muda. Ukirudi, anza na kesi za wizi mdogo, asubuhi tu, na uende na mwenzako.